Programu za Flashi: Tuache Kudanganyana Kwamba Ni Halali Yetu

Safari hii hatuzungumzi juu ya mitindo ya madera wala namna ya kutunza ngozi wakati wa kaskazi. Tunazungumzia kitu kilichomo ndani ya kompyuta na simu zetu, ambacho wengi wanakiona kidogo: programu zilizokrakiwa, zile zinazopita mkono kwa mkono kwenye flashi au zinazopakuliwa mtandaoni bila leseni.

Sisi tunaoshona na kudarizi tunalijua jambo hili vizuri. Mashine ya kudarizi ya kompyuta haichori ua peke yake. Inasoma faili, na faili hilo linatengenezwa kwenye programu maalumu. Programu hizo ni ghali. Zile kubwa hufika maelfu ya dola. Basi inazuka flashi moja, inaingia karakana hii, inatoka, inaingia ile, kama kibiriti cha jirani. Hali ni hiyo hiyo kwa dada anayeandika ankara zake, anayetengeneza kadi za harusi, anayehariri picha za keki au anayefundisha watoto tuisheni. Kompyuta inatoka dukani Darajani ikiwa tayari imejazwa kila kitu, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi.

Tunajua kuuliza kama nyama imechinjwa. Tunauliza kama mkopo una riba. Programu inayotuletea riziki ya kila siku tunaipita kimya, na ukimya huo unajazwa na maneno ya barazani ambayo mengi hayana ukweli. Msimamo wetu ni kwamba maneno hayo yanatudhuru sisi wenyewe kabla ya kumdhuru tajiri yeyote wa Marekani. Tuyachukue moja moja.

"Siuzi, natumia mwenyewe tu"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo linalotuweka pabaya zaidi. Watu wanadhani kosa ni la yule anayeuza nakala kibandani, na anayetumia nyumbani kwake hana neno.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar. Kifungu chake cha 24 kinakataza kutumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu zinazolindwa na sheria. Kama ilivyopitishwa, kifungu hicho kinagawa kosa mara mbili. Aliyefanya bila lengo la biashara anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyefanya kibiashara, faini haipungui milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, na juu yake anaweza kuamriwa kumlipa fidia mwenye haki.

Tusome tena hapo. "Bila lengo la biashara" imetajwa kwa jina lake na ina adhabu yake. Na sisi tunaodarizi mashungi ya kuuza, au tunaoandika ankara za wateja, itakuwa vigumu kumwambia hakimu kwamba hatukuwa kwenye biashara.

"Nimemlipa fundi, kwa hiyo nimeinunua"

Tuseme umempa fundi wa kompyuta elfu ishirini akuwekee programu. Ulichokilipa ni kazi ya mikono yake. Leseni ni ruhusa ya mwenye programu, na fundi hawezi kukupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Ukimlipa mchukuzi akubebee gunia la mchele lisilo lako, umelipa ubebaji, na mchele unabaki wa mwenyewe.

Kipimo chake ni chepesi. Leseni ya kweli ina alama: risiti, namba ya ufunguo iliyotolewa kwa jina lako au akaunti yako, au kompyuta iliyotoka nayo kiwandani. Kama ulichonacho ni ahadi ya mdomo tu, "dada usijali, hii haiishi muda", basi huna leseni.

Na hapa kuna hasara ambayo wengi hawaijui. Laptopu nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 zilikuja na ufunguo wa Windows uliowekwa kiwandani ndani ya mashine yenyewe. Hata ikiwa ya mtumba kutoka Dubai, ufunguo huo mara nyingi bado umo. Fundi anapoifuta na kuweka toleo jengine lililokrakiwa, anakuondolea halali uliyokuwa nayo bila malipo ya ziada. Mwambie aweke toleo lile lile lililokuja na mashine, kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Mara nyingi itajitambua peke yake. Umefika kwenye halali na hukutoa hata senti.

"Ipo wazi mtandaoni, na ukiifuta baada ya saa 24 si kosa"

Nguo iliyoanikwa uani iko wazi pia. Kitu kupatikana hakumaanishi kimetolewa.

Hilo la saa 24 limezunguka miaka mingi kwenye tovuti zinazogawa michezo na programu. Wenye tovuti waliliandika ili waonekane wamejikinga. Sheria za hakimiliki hazina saa 24 za kuonja. Kadhalika yale maandishi ya "kwa kujifunza tu" yanayowekwa chini ya video. Kuandika hivyo hakubadilishi kilichofanyika, kama vile kuandika "nimeazima" kwenye karatasi na kuiacha pale ulipochukua kitu cha mtu hakukufanyi uwe umeazima.

Kama unataka kuonja, kampuni nyingi zina toleo la majaribio la wiki mbili au mwezi. Hiyo ni ruhusa ya kweli, imetoka kwa mwenyewe.

"Hii ni nakala ya akiba"

Hapa kuna chembe ya ukweli, na ndiyo maana uongo wake unaingia vizuri. Sheria nyingi za hakimiliki duniani zinamruhusu mwenye programu halali kuweka nakala moja ya akiba ya kile alichokinunua. Lakini akiba ni ya kitu ulicho nacho. Huwezi kuweka akiba ya mchele ambao hukuununua.

"Kampuni iko Ulaya, itatufikia vipi kisiwani?"

Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za ubunifu mwaka 1994. Maana yake ni kwamba kazi ya mtu wa nchi nyengine mwanachama inalindwa hapa kwetu kama ya mwenyeji, tena bila ya yeye kuja kuiandikisha. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Bara wana sheria yao ya mwaka 1999 na COSOTA. Kwa hiyo kampuni haihitaji kuja na sheria ya kwao. Ya kwetu ipo.

Tuwe wakweli hapa. Hatusemi kwamba kesho asubuhi askari watabisha hodi kwenye kila karakana ya Mwanakwerekwe. Kesi za namna hiyo hatuzioni kila siku. Lakini kutokukamatwa hakulifanyi jambo kuwa halali, na sisi wenye imani tunalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Na kuna uongo wa upande wa pili pia, wa kututisha. Ukiona ukurasa mwekundu unatokea ghafla kwenye kompyuta na kusema "Polisi wamekubaini una programu za wizi, lipa faini sasa hivi", usilipe. Utapeli huo ni wa zamani na umewala watu nchi nyingi. Faini ya kosa la jinai inatolewa na mahakama, baada ya kusikilizwa, na haitokei kama tangazo la biashara. Funga kompyuta, ondoa intaneti, tafuta mtu anayejua.

"Ni matajiri, tena si wenzetu"

Hili tunalisikia hata kwa watu wanaoswali safu ya mbele. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait na kupitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu zina thamani ya mali, zinalindwa kisheria katika dini, na haifai kuzivamia. Ni kweli wanazuoni wamejadili pembezoni mwake, khasa mambo ya dharura na bei. Anayehitaji fatwa yake akamuulize shekhe wake. Lakini ile kauli ya rahisi kwamba mali ya tajiri au ya asiyekuwa Muislamu haina mwenyewe, hiyo si elimu. Ni kujitafutia mlango.

Tukumbuke pia kwamba programu haitengenezwi na kampuni hewani. Inaandikwa na watu, miongoni mwao wanawake wenye watoto wa skuli na kodi ya nyumba. Na si kila mwenye programu ni tajiri. Wapo vijana wetu wa Kitanzania wanaotengeneza programu za maduka na za skuli, na wanakata tamaa kwa sababu mteja wa kwanza analipa na kumi waliobaki wananakili.

Linalotuumiza zaidi: amana ya wateja

Sasa tufike kwenye kiini, maana sheria na fatwa mtu anaweza kuzisikiliza na kuendelea na zake.

Fikiria vilivyomo kwenye simu na laptopu ya fundi wa kike. Kuna vipimo vya miili ya wanawake, kifua, kiuno na nyonga, na majina yao. Kuna picha bibi harusi alizotuma usiku akiwa hana ushungi, ili tuone gauni linavyomkaa mabegani. Kuna picha za sebuleni kwa watu, za binti waliovaa nguo za ndani ya nyumba. Kuna namba za simu na kumbukumbu za malipo. Vitu hivi wametupa kwa sababu sisi ni wanawake wenzao na wanaamini havitatoka. Hiyo ni amana, na tutaulizwa juu yake.

Programu iliyokrakiwa ni mlango wa amana hiyo. Angalia inavyowekwa. Maelekezo ya kwanza karibu kila mara ni haya: "zima antivairasi kabla ya kuanza." Yaani mgeni usiyemjua anakwambia umtoe mlinzi nje ndipo yeye aingie. Kisha faili linalovunja ufunguo linaomba madaraka yote ya kompyuta, na unampa. Baada ya hapo lolote lililofichwa ndani yake lina uhuru wa kusoma picha, kuchukua paswodi ulizohifadhi na kupeleka kunakotakiwa, na programu yako ya kudarizi inafanya kazi vizuri tu. Hutaona kitu.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2021 wachunguzi wa usalama wa kompyuta walieleza jinsi nakala bandia za kifaa kimoja maarufu cha kuamsha Windows bila leseni zilivyobeba programu ya kuiba taarifa. Kuna kundi la virusi linaloitwa STOP, au Djvu, ambalo limeenea khasa kupitia programu zilizokrakiwa. Linafunga mafaili yako yote kwa kufuli, kisha linaacha barua ya kudai malipo. Kwa muda mrefu barua hiyo ilidai dola 980. Aliyewasiliana nao ndani ya saa 72 alipunguziwa hadi dola 490. Punguzo kama la Idd! Mwaka 2019 wataalamu walitoa kifaa cha bure cha kufungua baadhi ya makufuli hayo, lakini matoleo mapya mengi hayafunguki. Fikiria Ramadhani, kumi la mwisho, una nguo arubaini za Idd na michoro yote imefungwa.

Halafu kuna masasisho, au apdeti kama tunavyoziita. Wengi wenye Windows ya kukraki wanazizima kwa kuogopa isije ikagundulika. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja. Mwezi Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa huo na kuingia kwenye kompyuta za nchi takriban 150, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Waliokuwa wameziba, ufa ule haukuwadhuru. Anayeishi bila apdeti anaishi na mlango wa nyuma usio na komeo.

Na simu je? Zile WhatsApp za pembeni zinazopendwa kwa sababu zinaficha kwamba umesoma ujumbe au zinaonyesha status zilizofutwa, hazitoki kwa mwenye WhatsApp. Kampuni inaweza kukufungia namba kwa kuzitumia. Mwaka 2021 toleo moja la FMWhatsApp lilikutwa limebeba kirusi kiitwacho Triada. Kwa raha ya kujua nani alifuta nini, tunaweka hatarini picha za bibi harusi wa watu.

Mkuki kwa nguruwe

Tuna malalamiko yetu pia. Unakesha siku tatu unachora darizi ya shungi, unaitia Instagram, na wiki haijesha umeiona kwa mtu mwengine, amekata jina lako na kuweka lake. Tunaumia, na tuna haki ya kuumia. Sheria hiyo hiyo ya hakimiliki inayolinda programu inalinda pia michoro na kazi za sanaa za mikono.

Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hatuwezi kusimama kudai darizi yetu iheshimiwe huku darizi yenyewe imechorwa kwa programu ya kuiba. Siku tukitaka kwenda mbele kulalamika, swali la kwanza linaweza kuwa: umeichora kwa kutumia nini? Tukitaka ubunifu wa mwanamke wa kisiwani uwe na thamani, lazima tuanze kuukubali ubunifu wa mtu mwengine kuwa ni mali.

Basi tufanye nini, na pesa hatuna?

Hili ni swali la haki. Bei zimepangwa kwa mifuko ya watu wengine, na tunasema wazi kwamba kampuni zinapaswa kutufikiria. Lakini bei kubwa ya kitu haijawahi kuwa ruhusa ya kukichukua. Tena milango ya halali ipo mingi kuliko tunavyoambiwa.

Kwanza, kuna programu ambazo ni za bure kwa ridhaa ya waliozitengeneza. LibreOffice inaandika barua, ankara na mahesabu. GIMP inahariri picha. Inkscape inachora, na ndani yake unaweza kuongeza Ink/Stitch, ambayo inageuza mchoro kuwa faili la mashine ya kudarizi. Seamly2D na Valentina ni za kukatia patani za nguo. Zote hizi unazipakua kwenye tovuti zao wenyewe bila kulipa. Zinataka subira ya kujifunza, lakini cherehani nayo ilitaka. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili.

Pili, unaponunua mashine ya kudarizi, uliza kabla ya kulipa: inakuja na programu gani, leseni iko kwa jina la nani, na risiti iko wapi. Muuzaji akigugumia, umepata jibu.

Tatu, si kila fundi anahitaji programu kubwa. Kama unadarizi michoro michache kwa mwezi, mlipe mwenye programu halali akuchoree kwa kila mchoro. Au kodi kwa mwezi kwa zile zinazokodishwa, lipa miezi ya harusi na Idd, pumzika miezi mengine.

Nne, wenye vikundi vya kuweka na kukopa tunaweza kununua leseni moja ya kikundi ikae kwenye kompyuta moja ya kazi, tukapeana zamu, kwa kufuata masharti yaliyoandikwa kwenye leseni hiyo. Wanawake wa visiwa hivi wamenunua mashamba ya mwani, mitungi na viti vya shughuli kwa kuchangiana. Hili halitushindi.

Na kwa dada ambaye tayari ana kompyuta ya namna hiyo: hamisha kwanza mafaili yako ya kazi, picha na michoro, bila kuhamisha programu zenyewe. Ifute kompyuta yote, iwekwe upya kwa halali, kisha badilisha paswodi zako zote kwa kutumia kifaa kisafi. Ukibadilisha paswodi kabla ya kusafisha, unamkabidhi mwizi zile mpya.

Dada zetu, tunaposema riziki ya halali tusiishie kwenye uzi na kitambaa. Mteja anapotuvulia ushungi mbele ya kamera ya simu, anatuamini kuliko anavyomuamini benki. Tumlipe kwa kufunga milango. Muulizeni fundi wenu wa kompyuta wiki hii swali moja tu: "Leseni ya hii iko wapi?" Na mtuandikie mmejibiwa nini.

Mola atujaalie mikono yenye baraka, macho yanayohifadhi sitara za wenzetu, na riziki ambayo hatutaona haya kuulizwa juu yake. Amin.